Kielezi “annoyingly”: nani anaudhi, na nani ameudhika?

Msomaji mmoja anayetafsiri hadithi fupi kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza ameniletea swali lifuatalo. Katika hadithi yake mwanamke anaudhiwa na maneno ya shemeji yake, anamtazama kwa kuudhika, kisha anafunga mlango. Msomaji aliandika “She looked at him annoyingly and closed the door.” Mhariri wake alilikata neno “annoyingly”, akaweka “irritably”, na hakutoa maelezo. Msomaji anauliza kosa liko wapi, maana kamusi anayoitumia inayaweka maneno yote mawili chini ya maana ya kuudhi na kukera. Anauliza pia kama “annoyedly” lingefaa, na kama halifai, ni wapi basi “annoyingly” hutumika kwa usahihi.

Mhariri amefanya sawa, ingawa angemtendea haki zaidi mwandishi wake kama angemweleza sababu. Sentensi ya awali haina kosa la sarufi, na hapo ndipo ugumu wake ulipo: msomaji wa Kiingereza ataipita bila kukwama, ila ataelewa jambo tofauti na lililokusudiwa. Ataona mwanamke mwenye macho ya kejeli, pengine na tabasamu la pembeni, anayemtazama shemeji yake kwa namna ya kumchokoza. Anayeudhika katika picha hiyo ni shemeji, au msimulizi, au yeyote aliyekuwa akitazama. Mwanamke mwenyewe huenda anafurahi kabisa. Ukiweka “irritably” mahali palepale, hisia inahama: sasa aliyekereka ni yeye, na macho yake yanaonyesha hivyo. Katika hadithi ambayo ugomvi wake wote unategemea nani alimkosea nani, kubadilisha mchokozi na mchokozwa kwa neno moja si jambo la kupuuzwa.

Tofauti hiyo inatokana na jinsi neno lilivyoundwa. “Annoyingly” limejengwa juu ya kitenzi “annoy”, yaani kuudhi, kikaongezewa -ing na kuwa kivumishi “annoying”, kisha -ly ikakigeuza kivumishi hicho kuwa kielezi. Umbo la -ing humfuata mtendaji wa kitenzi, kwa hiyo “annoying” ni mwenye kuudhi. Umbo la -ed humfuata aliyetendwa, kwa hiyo “annoyed” ni aliyeudhiwa au aliyeudhika. Kiswahili huibeba tofauti hii ndani ya kitenzi chenyewe: kuudhi na kuudhika, kukera na kukereka, kuchosha na kuchoka, kukasirisha na kukasirika. Hakuna mzungumzaji wa Kiswahili anayeweza kuchanganya “huyu anaudhi” na “huyu ameudhika”. Akihamia Kiingereza, hata hivyo, jozi hizo mbili zinafanana mno kwa sura na kwa sauti, na mtu hujikuta anasema “I am very annoying today” akidhani ameeleza kwamba leo hana raha, kumbe amekiri kuwa leo yeye ni kero kwa wenzake.

Nadhani ninajua pia kilichompeleka msomaji wetu kwenye kosa lile, kwa sababu hakulifanya bila mfano wa kuiga. Kiingereza kimejaa sentensi kama “She looked at him lovingly”, “She looked at him disapprovingly”, “She looked at him accusingly”, “She looked at him pleadingly”, na katika zote hizo kielezi cha -ingly kinaeleza kilichomo moyoni mwa anayetazama. Lovingly: anatazama kwa upendo. Disapprovingly: anatazama kwa kutoridhika. Mtu aliyezisoma sentensi hizo kwa miaka ana kila sababu ya kuamini kwamba akitaka kusema “alimtazama kwa kuudhika” atachukua “annoy” na kulitia katika mkondo huohuo. Mkondo upo na unafanya kazi. Kinachokosekana ni kuangalia kitenzi kilichotiwa ndani yake.

Hebu tuziweke mbili hizo karibu tuzitazame. Katika “lovingly” kitenzi ni “love”, na anayependa ni yule mwanamke anayetazama. Mtendaji wa kitenzi na mwenye hisia ni mtu mmoja. Katika “disapprovingly” asiyeridhika ni yuleyule anayetazama, na katika “accusingly” mshitaki ni yeye pia. Katika “annoyingly” kitenzi ni “annoy”, na mtendaji wa kuudhi ni yule anayesababisha hisia, wakati mwenye hisia ni mtu mwingine kabisa aliye upande wa pili wa kitenzi. Kanuni haijabadilika hata kidogo: -ingly inamfuata mtendaji. Vitenzi ndivyo vilivyogawanyika makundi mawili, kundi ambalo mtendaji wake ndiye anayehisi, na kundi ambalo mtendaji wake humfanya mwingine ahisi. Kundi la pili lina “annoy”, “irritate”, “bore”, “tire”, “worry”, “surprise”, “disappoint” na mengine mengi ya hisia, na ni hapo hasa wanaojifunza Kiingereza huanguka.

Kwa hiyo kipimo ninachokipendekeza ni hiki: kabla ya kuandika kielezi cha -ingly, kitafsiri kitenzi chake kwa Kiswahili na uulize nani anakitenda. Ukipata kitenzi cha kusababisha, kama kuudhi, kuchosha au kushangaza, kielezi hicho hakiwezi kueleza moyo wa anayehisi. Ukipata kitenzi cha kuhisi, kama kupenda au kutamani, kinaweza. Kipimo hiki ni bora kuliko kanuni inayofundishwa madarasani kwamba -ing ni ya vitu na -ed ni ya watu. Kanuni hiyo inasaidia siku ya kwanza, lakini inavunjika mara tu unapokutana na mtu anayeudhi, ambaye ni mtu na bado ni “annoying”.

Sasa tuje kwa “annoyedly”. Kwa mantiki ndilo neno ambalo msomaji alilihitaji: limetokana na “annoyed”, aliyeudhika, na -ly. Hakuna kanuni inayolikataza, na ukilitafuta utalikuta limetumiwa hapa na pale. Pamoja na hayo ni neno nadra sana, na mhariri mwenye sikio zuri atalikata kila anapolikuta. Sababu mojawapo, kwa maoni yangu, ni ya kimatamshi. Vielezi vya -edly vinavyoenda vizuri mdomoni ni vile ambavyo -ed yake tayari ina silabi yake, kama “excitedly” na “disappointedly”, kwa kuwa kitenzi kinaishia na t, au vile vyenye irabu inayoteleza kama “hurriedly” na “worriedly”. Vingine hulazimika kuongezewa silabi ambayo kivumishi chake hakina: “marked” hutamkwa kwa silabi moja, lakini “markedly” kwa tatu. Msomaji akifika kwenye “annoyedly” hana uhakika alitamke kwa njia ipi, na neno linalomsimamisha msomaji ajiulize namna ya kulitamka limeshaharibu sentensi. “Irritatedly” halina tatizo hilo la matamshi, ila nalo ni zito na halipendwi. “Exasperatedly” huonekana mara nyingi kidogo, hasa baada ya maneno ya mhusika, lakini hata hapo “in exasperation” husomeka vizuri zaidi.

Pengo hilo Kiingereza hulijaza kwa njia tatu. Ya kwanza ni kundi la maneno lenye nomino: “She looked at him in annoyance”, au “with annoyance”. Ya pili ni kuacha kielezi na kumpa mhusika kivumishi: “Annoyed, she closed the door”. Ya tatu ni kuazima kielezi kutoka mzizi mwingine, na hapa ndipo “irritably” linapoingia. Neno hili lina historia ya ajabu kidogo. Limetokana na “irritable”, kivumishi ambacho kwa maana yake ya msingi humweleza mtu mwepesi wa kukereka, mwenye moyo wa karibu, anayewaka kwa jambo dogo. Ungetarajia basi kwamba “irritably” lieleze tabia ya kudumu. Katika matumizi limejishusha, likawa linaeleza namna ya kutenda ya wakati ule tu: mtu mpole siku zote anaweza kujibu “irritably” mara moja kwa sababu amekatizwa usingizi, na asiwe mtu wa kisirani. Mhariri alilichagua kwa sababu hiyo.

Kabla sijaondoka hapo, kuna mtego mdogo katika kitenzi “look” chenyewe. Kikiwa na maana ya kutazama, kama “look at him”, kinapokea kielezi. Kikiwa na maana ya kuonekana, kinapokea kivumishi, na hapo neno linalofaa ni “annoyed”: “She looked annoyed”, yaani alionekana ameudhika. Vivyo hivyo “She sounded annoyed” na “She seemed annoyed”. Ukiandika “She looked annoyedly” umechanganya vitenzi viwili vinavyoandikwa sawa, na ukiandika “She looked annoying” umemwambia msomaji kwamba sura yake ilikuwa ya kuudhi.

Tukiondoa kosa hilo njiani, tunaweza kuuliza “annoyingly” linafaa wapi, na jibu ni kwamba linafaa mahali pengi, kila mahali likiwa na kazi yake. Kazi iliyo rahisi kuielewa ni ya kueleza namna tendo lilivyofanyika: “The tap dripped annoyingly all night”, bomba lilidondosha maji usiku kucha kwa namna ya kuudhi, “He kept clicking his pen annoyingly”, aliendelea kubofya kalamu yake kwa kukera. Bomba haliwezi kuudhika, na kwa hiyo hakuna utata. Ukiandika “The tap dripped irritably” umelipa bomba roho na hasira, jambo ambalo mshairi anaweza kulitaka lakini mwandishi wa kawaida halitaki.

Kazi kubwa zaidi ya neno hili, na ndiyo utakayokutana nayo mara nyingi katika maandishi ya sasa, ni ya kielezi cha sentensi. Hapa “annoyingly” halielezi kitenzi chochote kilichomo. Linatoa hukumu ya mwandishi juu ya habari nzima. “Annoyingly, the office had already closed”: ofisi haikufungwa kwa namna ya kuudhi, milango ilifungwa kama kila siku, lakini kule kufungwa kwake ni jambo linalomuudhi anayesimulia. Kiswahili hulisema hili kwa kishazi kamili: “kinachoudhi ni kwamba ofisi ilikuwa imeshafungwa”, au “la kukera zaidi, ofisi ilikuwa imeshafungwa”. Kipimo chake kwa Kiingereza ni kugeuza sentensi iwe “It is annoying that” au “It was annoying that”, na kama maana imebaki ileile, una kielezi cha sentensi.

Nafasi ya neno na alama ya mkato hapa hazina mzaha. Linganisha “He answered annoyingly” na “Annoyingly, he answered”. Ya kwanza yasema jibu lilikuwa la kuudhi, pengine kwa sauti yake au kwa dharau yake. Ya pili yasema kwamba tulitarajia anyamaze, au tulimtaka mwenzake ajibu, na yeye akajibu. Jibu lenyewe huenda lilikuwa la adabu tupu. Mkato baada ya “Annoyingly” ndio unaomwambia msomaji kwamba hukumu inahusu habari yote. Neno linaweza pia kukaa katikati, kati ya kitenzi kisaidizi na kitenzi kikuu, kama “The bus had annoyingly just left”, na hapo waandishi wengi huacha mkato. Likikaa mwishoni kama hukumu ya sentensi, mkato unarudi: “The bus had just left, annoyingly.” Bila mkato huo, basi limeondoka kwa mbwembwe.

Katika hadithi matumizi haya yana faida ambayo mtafsiri anayeanza huikosa. Kielezi cha sentensi hubeba hukumu ya anayesema, na katika masimulizi ya nafsi ya tatu anayesema anaweza kuwa mhusika anayefikiri. “She waited for him to apologise. Annoyingly, he was right.” Msimulizi hana sababu ya kuudhika kwamba yule bwana ana haki, anayeudhika ni mwanamke, na kwa neno moja tumeingia kichwani mwake bila kuandika “alifikiri” wala “alihisi”. Tazama kilichotokea: neno lilelile ambalo katika “She looked at him annoyingly” lilikataa kabisa kueleza hisia za mwanamke, likihamishwa mbele ya sentensi na kuwekewa mkato linazieleza barabara. Kama msomaji wetu alikuwa na hamu ya kulihifadhi neno lake, hapa ndipo mahali pa kulihifadhia.

Huenda umewahi kusikia kwamba vielezi vya sentensi ni Kiingereza kibovu. Vita hivyo vilipiganwa hasa juu ya “hopefully”, ambalo wasahihishaji wengi walisisitiza kwamba maana yake ni “kwa matumaini” tu na haliwezi kumaanisha “inatarajiwa kwamba”. Hata mwongozo wa uandishi wa shirika la habari la Associated Press la Marekani uliishikilia marufuku hiyo mpaka 2012, ulipoiondoa. “Annoyingly” halikuandamwa kwa kiasi hicho, na sababu inaonekana ukitumia kile kipimo chetu: “It is annoying that” ni Kiingereza safi, wakati “It is hopeful that” hakisemeki. Litumie bila hofu.

Nafasi nyingine ya neno hili ni mbele ya kivumishi au kielezi kingine: “annoyingly slow”, “annoyingly cheerful”, “annoyingly often”. Hapa linapima kiasi na kutoa hukumu kwa wakati mmoja, na haliwekewi mkato. Kinachopendeza ni kwamba kivumishi kinachofuata mara nyingi ni cha sifa njema. “Her handwriting is annoyingly neat” ni pongezi iliyovikwa wivu: mwandiko wake ni nadhifu kiasi cha kuudhi, yaani natamani wangu uwe hivyo. “He is annoyingly good at chess” humsifu mtu kwa kulalamika. Mgeni wa lugha asiyejua desturi hii anaweza kuichukulia sentensi kama tusi na akajibu kwa ukali pasipostahili. Kivumishi kikiwa kibaya, kama “slow”, ni lalamiko la kweli. Kikiwa kizuri, ni mzaha wa kirafiki katika hali nyingi.

Kwa ukali, “annoyingly” liko ngazi za chini. Ni kero, haijawa hasira. “Irritatingly” liko karibu nalo na mara nyingi hubadilishana nalo, ingawa mimi husikia ndani yake kitu kinachorudiwarudiwa, kama mwasho wa ngozi, ambao kwa Kiingereza ni “irritation” vilevile. “Frustratingly” lina sharti la ziada: lazima kuwe na lengo lililozuiwa, kwa hiyo mtu hukwama “frustratingly” akiwa karibu kufika, lakini kelele za jirani haziitwi hivyo isipokuwa zinakuzuia kufanya kitu. “Exasperatingly” humaanisha subira imetumika mpaka ikaisha. “Infuriatingly” na “maddeningly” ziko juu kabisa kwa maana ya kamusi, ila zimetumiwa sana kwa utani hata zikapungua makali. “Infuriatingly calm” ni mtu mtulivu kiasi cha kukutia wazimu, na bado unaweza kuwa unampenda. “Aggravatingly” liepuke katika maandishi rasmi, kwa sababu wapo wasomaji wanaoshikilia kwamba “aggravate” ni kuzidisha ubaya wa jambo na halihusiani na kumuudhi mtu. Na “vexatiously”, ambalo kwa maana ya kila siku limechakaa, linaishi vizuri mahakamani, likimhusu anayefungua mashauri yasiyo na msingi ili kumsumbua mwenzake. Uingereza ilitunga sheria ya kuwazuia watu wa aina hiyo mwaka 1896.

“Annoy” lenyewe, kwa kuwa swali limeligusa, lilikuwa zito zaidi zamani. Liliingia Kiingereza kupitia Kifaransa cha kale kutoka maneno ya Kilatini “in odio”, yaani katika chuki, na katika Kiingereza cha karne za kati liliweza kumaanisha kudhuru kabisa. Ukilikuta katika maandishi ya kale, usilisome kwa wepesi wa leo.

Upande wa pili kuna vielezi vya anayehisi, na hivi ndivyo mtafsiri wa hadithi anavyovihitaji kila ukurasa. “Irritably” ni cha katikati na hakimtukani mhusika. “Crossly” husikika zaidi Uingereza na kina harufu ya nyumbani. Ni hasira ndogo ya mzazi, ya mlezi au ya mtoto, na hakifai kwa jenerali anayewafokea askari. “Testily” ni kwa jibu fupi la mtu aliyechoshwa na maswali, lile ambalo Kiswahili hulisema “alijibu kwa mkato”. “Peevishly” na “petulantly” huanza kumhukumu mhusika: la kwanza ni la kununa na kulalamika kwa mambo madogo, la pili ni la kususa kama mtoto aliyenyimwa kitu. Ukiandika kwamba mwanamke wa hadithi alijibu “petulantly”, umemwambia msomaji kwamba hakuwa na haki ya kukasirika, na kama hadithi iko upande wake, umeisaliti. “Angrily” limevuka mpaka wa kero na kuwa hasira kamili. Ningeongeza kwamba vielezi hivi vikifuatana baada ya kila neno la mhusika huchosha upesi. Mara nyingi maneno yenyewe yakiwa makali vya kutosha, “she said” peke yake linatosha.

Katika barua ya kikazi au ripoti, “annoyingly” halina nafasi, hata pale linapokuwa sahihi kisarufi. Linaingiza moyo wa mwandishi mahali ambapo msomaji anatarajia jambo lenyewe. “Annoyingly, the figures were sent late” katika ripoti ni lalamiko binafsi. “Unfortunately, the figures were sent late” ni taarifa. “Regrettably” ni rasmi zaidi bado. Katika barua pepe kwa mwenzako wa kazi mnayezoeana, “rather annoyingly” au “slightly annoyingly” hukubalika, na ukimwona Mwingereza anatumia “slightly” hapo, usidhani kwamba kero yake ni ndogo. Neno hilo huwekwa kwa adabu, na aghalabu mwenye kulitumia amekasirika kuliko anavyokubali.

Nirudi kidogo kwenye kamusi iliyomponza msomaji, kwa kuwa tatizo lake litajirudia kwa maneno mengine. Kiswahili hutengeneza vielezi vingi kwa “kwa” na nomino, na nomino hiyo mara nyingi haisemi hisia ni ya nani. “Kwa maudhi” yaweza kuwa kwa namna ya kuudhi au kwa kuudhika. “Kwa kero” vivyo hivyo. Kamusi ikiandika “annoyingly: kwa maudhi” na “irritably: kwa maudhi”, haijakosea, lakini imemwacha msomaji njia panda. Dawa ni kuacha nomino na kutumia kitenzi: andika pembeni mwa “annoyingly” maneno “kwa kuudhi”, na pembeni mwa “irritably” maneno “kwa kuudhika”, na vurugu inakwisha. Anayetafsiri kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili naye asikimbilie “kwa” kila mara. “She looked at him irritably” inaweza kuwa “alimkata jicho” tu, na Kiswahili kikapumua, mradi katika muktadha huo jicho hilo lisibebe dharau zaidi ya kero.

Kwa sentensi iliyoleta swali, basi, “She looked at him irritably and closed the door” ni sahihi na haina mapambo. “She gave him an irritated look and closed the door” ni laini zaidi, na kivumishi chake kimekaa mahali kisipoweza kuleta utata. Mimi ningechagua “She looked at him in annoyance”, kwa kuwa lipo karibu zaidi na “kwa kuudhika” la hadithi ya awali na halidokezi kwamba mwanamke huyo ni mwepesi wa hasira, dokezo ambalo “irritably” bado hulibeba kwa mbali. Na kama sentensi inayofuata yasema kwamba shemeji alikuwa na hoja ya haki, “Annoyingly, he had a point” ingeanza aya mpya vizuri sana.